Barua ya wazi kwa wanaoshika ramani zetu: tufundisheni kuzichora na kuzisoma kwa Kiswahili

Waheshimiwa mawaziri wa Elimu, wa Ardhi na wa TAMISEMI, pamoja na nyie wakurugenzi wa halmashauri ambao huenda mkaiona hii kabla yao, shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, shule ya kata hapa Dar es Salaam. Kabla ya ualimu nilikuwa mwanafunzi wa chuo, mmoja wa wale vijana mliokuwa mnawaona wanazunguka uswahilini na simu mkononi wanapiga picha mitaro. Barua ni ndefu naomba mnivumilie, mana hili jambo nimekaa nalo miaka na nikilifupisha litaonekana dogo wakati sio dogo.

Naanza na mama mmoja. Mwaka 2016 tulikuwa tunapita bonde la Msimbazi, wanafunzi watano na mjumbe wa shina mbele yetu, na ilikuwa miezi michache tu baada ya ile bomoabomoa ya Desemba 2015 kwahiyo nyumba nyingi bado zilikuwa na X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa. Huyo mama alikuwa anakaanga mihogo kibarazani. Alivyotuona tumevaa fulana zinazofanana akaepua karai, akasimama, akauliza, "Mmekuja kuweka X?" Mjumbe akamwambia hapana dada, hawa watoto wanachora mitaro. Hakumjibu. Akatuangalia kwanza, halafu akauliza mtaro upi, kwasababu mtaro anaoujua yeye, ule uliozibwa na ukuta wa jirani, kwenye karatasi tuliyobeba haukuwepo kabisa. Akatuingiza uani. Akasogeza ndoo mbili na jiko la mkaa, na pale nyuma ya ndoo ukutani kulikuwa na mistari. Mmoja umekwaruzwa kwa msumari, mwingine ni doa tu la tope limekaukia kwenye plasta miaka na miaka. Wa chini akasema ni masika yaliyopita. Wa juu ni Desemba 2011, na huo wa juu mimi ulinifika kifuani.

Tulikuwa tunauliza watu kwa mwili, maji yalifika kifundoni, gotini, kiunoni au kifuani, mana hakuna mtu anayekumbuka mafuriko kwa sentimita, unayakumbuka kwa pale yalipokugusa na kwa mtoto uliyembeba begani. Nikabonyeza "kifuani" kwenye simu, nikachukua sehemu tulipo kwa GPS ya simu, nikapiga picha mistari, basi. Dakika kumi. Nikiwa natoka mama akaniuliza, "Sasa hiyo ramani yenyewe na mimi nitaiona wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia itakuwa mtandaoni, na nikajua nikiwa nasema vile kwamba sijamjibu.

Waheshimiwa, mimi naandika kwa ajili ya lile swali.

Najua mtasema mbona kazi kubwa imefanyika, na ni kweli imefanyika, mimi sio wa kubeza. Kibera kule Nairobi vijana walianza kuchora wenyewe ramani ya mtaa wao mwaka 2009, Tandale hapa ikafuata 2011, halafu 2015 ukaja Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa na COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia na Msalaba Mwekundu, kata baada ya kata, mitaro, madaraja ya mbao, mabomba, vyoo, mpaka mipaka ya mashina ambayo kabla ya hapo ilikuwa kichwani mwa wajumbe tu. Kila kitu kikawekwa kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, iliyoanzishwa Uingereza 2004 na Steve Coast. Zanzibar nao 2016 wakarusha droni juu ya Unguja na Pemba, na waliorusha walikuwa vijana wa Zanzibar. Nchi hii watu walikuja kuitazama, 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani ulifanyika hapa hapa Dar. Mimi najivunia hayo.

Lakini angalieni baadaye kinabaki nini. Mradi unaisha, fulana zinachakaa, wale vijana wanaajiriwa kwingine au wanakosa ajira wanaendesha bodaboda, na mtaro ule uliochorwa 2016 mwaka 2019 umeshajengewa banda la kuku juu yake na kwenye ramani bado unatiririka. Ofisi ya serikali ya mtaa haina hata nakala ya karatasi. Mwenyekiti wa mtaa akitaka kujua maji yanapita wapi anamuuliza mzee. Ramani ya mtaa haina mwenyewe pale mtaani.

Sasa njooni darasani kwangu.

Mwanafunzi wa Tanzania anafundishwa kusoma ramani, hilo lipo kwenye silabasi na kwenye mtihani wa kidato cha nne linakuja kila mwaka. Anapewa kipande cha ramani ya 1:50,000, mara nyingi ni ya mahali hajawahi kufika. Anahesabu viboksi, vizima anaviweka upande huu, nusu nusu anajumlisha anagawa kwa mbili, anapata ukubwa wa ziwa kwa kilomita za mraba. Anapima barabara kwa uzi. Anajifunza upimaji wa mnyororo na dira ya prizimu, na mnyororo wenyewe hajauona, shuleni kwetu haupo, tunauchora ubaoni. Mtoto anapata A ya ramani na hajui mtaro wa nyuma ya choo cha shule unakwenda kumwaga wapi. Sisemi viboksi vifutwe, vinamfundisha skeli vizuri tu na mimi nitaendelea kuvifundisha. Nasema tumesimama pale pale wakati vifaa vya kwenda mbele tunavyo mikononi.

Naposema mikononi namaanisha vishikwambi. Vile vya sensa ya Agosti 2022. Sensa ikaisha, serikali ikavigawa kwa walimu, na kwa hilo nawashukuru kutoka moyoni kwasababu mwalimu wa kata kupewa kifaa kama kile sio jambo la kawaida. Kishikwambi kina GPS. Kina kamera. Kile kifaa kilipita nyumba kwa nyumba nchi nzima kikijua kimesimama wapi, na sasa sehemu kubwa ya walimu tunakitumia kuandikia maandalio ya somo na kufungulia WhatsApp, sio kwa uvivu, hakuna aliyetuonyesha kingine.

Nilianza klabu ya Jumamosi, wanafunzi kumi na nne. Siku ya kwanza sikuwasha hata kifaa. Nilinunua nailoni ya kufunikia madaftari, ile nyeupe inayoonyesha, nikakata vipande vitatu. Kwenye kipande cha kwanza wakachora kwa maka pen barabara na vichochoro wanavyovijua. Cha pili wakachora mitaro na mto. Cha tatu nyumba. Halafu tukavipanga kimoja juu ya kingine kwenye dirisha la darasa jua likiwa linapiga, na mtoto mmoja anayekaa nyuma siku zote haongei akasema, "Mwalimu, mtaro umepita ndani ya nyumba." Akasogea dirishani akaweka kidole. Nikamwambia hapo umeshaelewa GIS yote, yaani ramani za kompyuta, kilichobaki ni kubonyeza. Na ni kweli, matabaka ndio hayo hayo, kwenye kompyuta nailoni hazichaniki na zinaweza kuwa mia, hiyo tu ndio tofauti.

Jumamosi ya pili tukatoka. Programu tunayotumia kwenye kompyuta inaitwa QGIS, Gary Sherman aliianzisha 2002 na mpaka leo ni bure, hakuna leseni, hakuna kumuomba mtu. Kwenye kishikwambi tunatumia QField ambayo ni ndugu yake, unaandaa ramani shuleni ukiwa na bando halafu mtaani unafanya kazi bila intaneti kabisa. Mitaro, kalavati, visima, taa za barabarani zinazowaka na zisizowaka. Tulijifunza kwamba GPS ya simu uwanjani inakosea mita tatu mpaka tano lakini kwenye vichochoro vyetu vya mabati kwa mabati inaweza kukurusha nyumba ya pili, kwahiyo unasimama kona, unasubiri itulie, unahakikisha kwa picha ya setilaiti. Haya hakuna aliyenifundisha darasani, niliyapata kwa kukosea.

Na hapa nataka niseme jinsi nilivyokosea kwa sababu ndio kiini cha ninachoomba. Nilihitaji ramani ya zamani ya eneo letu nione mto ulikuwa unapita wapi kabla watu hawajajenga. Nikaenda ofisi moja, jina silitaji, nikazungushwa mara nne, ya tano nikapewa nakala iliyoskaniwa, nikalipa, sikupewa maelezo yoyote. Nikaiweka kwenye kompyuta juu ya vipimo vyetu. Mto ukapita juu ya msikiti. Barabara ya lami ikapita kwenye kiwanja cha mpira, kila kitu kimehama, karibu mita 300. Wiki mbili, waheshimiwa, wiki mbili nilikuwa naamini wanafunzi wangu wamepima ovyo, nikawarudisha mtaani kupima upya na wakapima upya bila kulalamika na majibu yakaja yale yale. Kosa halikuwa lao. Ramani zetu za zamani zimechorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na GPS ya simu inatumia mwingine, WGS 84, na tofauti ya hiyo miwili kwa hapa kwetu ni hizo hizo mita 300. Unaiambia programu ramani hii ni Arc 1960, inajisogeza yenyewe, sekunde moja. Mto ukarudi mtoni.

Kila mpimaji wa ardhi anajua hili, kwake ni jambo la mwaka wa kwanza. Lakini mimi nililipata usiku wa manane kwenye maelezo ya Kiingereza ya watu wa nchi nyingine, kwa kuunganisha unganisha. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, mmoja tu, ungeniokoa mimi na wale watoto. Ukurasa huo huo ungesema pia kwamba ukitoka Morogoro kwenda Dodoma njiani unavuka kanda, vile vipande dunia iliyogawanywa kwa ajili ya koodineti, unatoka ya 37 unaingia ya 36, kwahiyo namba za koodineti zinabadilika ghafla na usishtuke. Mambo kama haya ni yetu sisi, ni ya nchi hii, hayatakaa vizuri kwenye kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Uholanzi.

Masomo yapo mengi mtandaoni na ni bure, nayaheshimu sana, mwongozo wa QGIS ni mzuri, LearnOSM, masomo ya OpenStreetMap, ni nzuri, video ziko maelfu. Mimi Kiingereza nakimudu. Lakini mjumbe wa shina je? Afisa mtendaji wa mtaa? Fundi bomba anayejua kila valvu ya mtaa mzima kwa kichwa na hakumaliza la saba? Hao ndio wenye ujuzi wa mahali na hao ndio ramani inawahitaji, na mlango umeandikwa kwa lugha ambayo hawaisomi. Hata wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, nilivyosema tutengeneze bafa wakanitazama tu. Nikasema haya, zile mita 60 za kando ya mto. Darasa zima likainuka.

Kwasababu mita 60 kila mtoto wa bondeni anazijua. Ni za Sheria ya Mazingira ya 2004, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto shughuli ya kudumu hairuhusiwi, na zile X zilikuja kwa mita hizo. Tukauchora mto, kingo zote mbili, tukaiambia programu weka mita 60 kila upande, ikapaka rangi. Halafu tukawasha tabaka la nyumba. Kelele zikaisha. Watoto wakaanza kutafuta kwao, mmoja mmoja, kidole kwenye kioo. Binti mmoja akaiona nyumba yao, nusu iko ndani ya rangi, nusu iko nje, mstari umepita kwenye chumba anacholala na wadogo zake. Akaniuliza, "Mwalimu, baba anajua?"

Nawaomba mkae na swali hilo kama nilivyokaa nalo mimi. Yule baba alinunua kiwanja kwa fedha yake halali, akaandikiana mbele ya mjumbe na mashahidi, na hakuna mtu hata mmoja pale aliyekuwa na ramani. Aliyemuuzia hakuwa nayo, mjumbe hakuwa nayo, ofisi ya mtaa haikuwa nayo. Ramani ipo mahali, na siku itakayomfikia itakuja na mtu mwenye kopo la rangi nyekundu. Mimi sibishani na sheria, mto ukijaa haumuulizi mtu hati, na mistari ya ule ukuta niliiona kwa macho yangu. Ninachosema ni kwamba ramani ile ile, kama ingekuwa imebandikwa ukutani ofisi ya mtaa miaka ile, yule baba angetembea mita arobaini zaidi akanunua juu.

Hapa kwetu ni mafuriko kwasababu ndio shida yetu, lakini kazi ya ramani haiishii hapo. Mkoa wa Mara watu wa kujitolea wa Crowd2Map, kazi iliyoanza 2015 na Janet Chapman, wamechora vijiji na njia kwa kutazama picha za setilaiti, na watu wa huko huko wakajaza majina, ili msichana anayekimbia ukeketaji akipiga simu akataja kitongoji, gari lijue linapita wapi. Rhobi Samwelly na wenzake wanaowahifadhi wasichana hao kwenye nyumba salama wanazitumia ramani hizo. Zanzibar walirusha droni juu ya mabonde ya mpunga kutafuta madimbwi yanayozalisha mbu wa malaria, unalipata dimbwi, unampeleka mtu na dawa hapo hapo badala ya kumwaga kila mahali. Na mkulima anaweza kuangalia shamba kwa setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, zinapita kila baada ya kama siku tano, kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10, picha ni bure kabisa, ingawa masika mawingu yatakusumbua na mtu asikudanganye kwamba utaona kila wiki. Landsat za Marekani zinapiga picha toka 1972 na toka 2008 zimefunguliwa bure, maana yake mwalimu wa Shinyanga au wa Rufiji leo anaweza kuwaonyesha wanafunzi msitu wao ulivyokuwa kabla hata yeye hajazaliwa.

Katesh, Desemba 3, 2023, tope lilishuka kutoka mlima Hanang asubuhi watu wako kwenye shughuli zao. Siwezi kusema ramani ingezuia. Ila vipimo vya mwinuko wa dunia vilivyopigwa kutoka angani mwaka 2000 viko wazi, mwanafunzi wa kidato cha tano akielekezwa kwa Kiswahili siku mbili anaweza kutoa ramani ya miteremko mikali na mikondo ya kata yake. Kata ngapi zilizo chini ya milima zina ramani hiyo ukutani?

Kwahiyo naomba haya.

Wizara ya Elimu, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, mtuwekee humo masomo ya ramani za kompyuta kwa Kiswahili, kwa mifano ya hapa, Msimbazi, Hanang, Mara, na BAKITA wakae na watu wa ramani watupe maneno, au wakubali haya tunayoyasema tayari, sisi tunasema tabaka, nukta, mstari, umbo, na watoto wanaelewa. Msisubiri kitabu kizuri chenye jalada. Video kumi za dakika tano tano, kurasa ishirini za kuchapa kwa shule ambazo umeme ni wa kubahatisha. Kwa sekondari najua lugha ya kufundishia ni Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, sibishani na hilo kwenye barua hii, lakini klabu ya Jumamosi haina mtihani. Na mtupe waraka mfupi tu unaosema mwalimu anaruhusiwa kuweka programu hizi kwenye kishikwambi na kutoka na wanafunzi kuchora kata, mana wakuu wa shule wengi wanaogopa na siwalaumu, bila karatasi yenye muhuri mtu anaweza kukuuliza hawa watoto wanapiga picha nini.

TAMISEMI na wakurugenzi, kila baada ya masika halmashauri zinatengeneza orodha ya mitaro iliyoziba na barabara zilizokatika. Tafuteni kijana mmoja kwa kila kata, wapo wamesoma ardhi, mipango miji, jiografia, wako nyumbani, mpeni posho ya wiki mbili na kishikwambi azunguke na wajumbe wa mashina ahuishe ramani, halafu ichapishwe karatasi kubwa ya A0 ibandikwe ofisi ya mtaa mahali ambapo mtu anayekuja kuandikiana kiwanja ataiona kabla hajasaini. Mwaka 2022 mliweza operesheni ya anwani za makazi, nguzo za majina ya mitaa zikasimama mpaka vichochoroni ambako hata bajaji haiingii, kwahiyo kuzunguka nchi nzima mnaweza, hilo mmeshalionyesha.

Wizara ya Ardhi, fungueni. Mipaka ya mitaa, mito na mita 60 zake, hifadhi za barabara, ramani za zamani, ziwekwe mahali pamoja mtu azishushe bure zikiwa na maelezo ya Kiswahili zimechorwa kwa msingi upi wa vipimo na lini. Ofisi ya Takwimu walishawahi kuweka mipaka ya kata za sensa ya 2012 wazi na hakuna lililoharibika, watu walifanyia kazi. Sisemi kila kitu kiwe wazi. Majina ya wenye nyumba hapana. Nyumba salama za wasichana wa Mara hapana kabisa, hizo hazitakiwi kuonekana kwenye ramani yoyote ya watu wote, na hata wanafunzi wangu nawafundisha hilo kwanza kabla ya kubonyeza chochote, kwamba kuna vitu unavijua na hauvichori. Lakini mto? Mtaro? Mstari wa hifadhi ambao serikali itakuja kumbomolea mtu nyumba kwa ajili yake? Huo mwenye nyumba ana haki kuuona mapema kuliko yeyote.

Kuhusu gharama nimejitahidi kufikiria kama mtu anayesaini hundi. Programu bure. Setilaiti bure. Vifaa mlishanunua. Kinachobaki ni watu wa kuandika masomo, posho za vijana, bando na karatasi. Tukiweka pembeni fedha ya kuzibua kalavati kila mwaka mahali pale pale kwasababu hakuna aliyeandika mwaka jana liliziba wapi, naamini inatosha kuanza na kata chache. Anzeni hata na za bondeni tu.

Yule baba wa binti alikuja shuleni. Binti alimwambia, nami nilikuwa nimejiandaa akija na hasira nimpokee hivyo hivyo. Hakuwa na hasira. Alisalimia, akakaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakamfika juu, akasema naomba unionyeshe. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha mto, nikamwonyesha rangi, nikamwonyesha paa la nyumba yake. Akauliza mstari umepimwa kutoka katikati ya mto au ukingoni, na hilo ni swali ambalo nilitamani liulizwe na mtu yeyote miaka yote hii. Ukingoni, nikamwambia, na ukingo wenyewe unahama kila mwaka unavyoliwa na maji. Akatafakari. Akasema basi kile chumba cha watoto anakihamishia upande wa barabara, kabla ya masika, na ile sehemu ya chini ataacha wazi apande migomba. Halafu akauliza kama anaweza kupewa hiyo ramani. Tukatoka pamoja mpaka stationery ya nje ya geti, shilingi mia tano ya rangi, akaikunja mara nne akaitia mfuko wa shati.

Nasubiri majibu yenu. Klabu yetu inakutana kila Jumamosi saa tatu asubuhi, na yeyote kati yenu akitaka kuja kutembea na watoto mtaani avae viatu vya kulowana tu.